Ekari 60 za Inglewood

Ukitoka uwanja wa ndege wa Los Angeles ukashika barabara ya Century kuelekea mashariki, dakika chache tu unaingia Inglewood. Ndege zinapita juu ya mapaa ya nyumba moja baada ya nyingine, magurudumu yameshateremshwa. Mbele yako, kando ya barabara ya Prairie, unauona uwanja wa SoFi uliofunguliwa mwaka 2020. Watu huja hapo kutazama mpira wa Kimarekani na matamasha, wakirudi kwao wanasimulia paa lake. Mimi nikipita hapo huwaza jambo jingine. Ndani ya mradi ule kuna ekari 60 ambazo mwaka 2004 zilipigiwa kura na wakazi wa mji huu, na Walmart, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote za rejareja duniani, ikashindwa.

Nimekaa jirani na Inglewood muda mrefu, na shangazi yangu amekaa mjini humo tangu miaka ya 1990. Kisa hiki nilikisikia kwake kwanza, baadaye nikakifuatilia katika hukumu za mahakama na magazeti. Nakiandika kwa Kiswahili kwa sababu jamaa zangu huko Kenya nao siku hizi wanaamka asubuhi na kukuta kibao kimechomekwa kwenye kiwanja cha jirani, na wengi hawajui waanzie wapi. Isitoshe, kisa chenyewe husimuliwa nusu. Nusu ya pili ndiyo inayoniuma.

Mwaka 2002 Walmart ilikuwa imeshatangaza kwamba inataka kufungua Supercenter 40 California. Supercenter ni jengo moja la ghorofa moja, pana kama viwanja kadhaa vya mpira, limezungukwa na maegesho pande zote, na ndani yake unapata kila kitu, kuanzia televisheni na matairi hadi mchele, maziwa na nyama. Hapo kwenye chakula ndipo palipozuka vita. Madiwani wa Inglewood walipitisha sheria ndogo ya dharura: duka lolote linalozidi futi za mraba 155,000 na kuuza zaidi ya aina 20,000 za bidhaa zisizotozwa kodi ya mauzo, lisijengwe mjini. Hayo maneno ya kodi yalilenga chakula, maana California vyakula vingi havitozwi kodi ya mauzo. Kampuni ikakusanya sahihi za kuipinga sheria hiyo na kutishia kwenda mahakamani. Halmashauri ikarudi nyuma, ikaifuta.

Kwa nini chakula? Kusini mwa California, makeshia na wapanga bidhaa wa supamaketi kubwa walikuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi, na kazi ile ilimpa mtu asiye na shahada mshahara wa kuendesha nyumba pamoja na bima ya afya. Oktoba 2003 makumi ya maelfu yao waliingia kwenye mgomo uliodumu hadi mwisho wa Februari 2004, zaidi ya miezi 4. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya bima hiyo. Wenye supamaketi walisema wazi kwamba lazima wapunguze gharama kwa kuwa Walmart inakuja na chakula cha bei ya chini. Wakati huo haikuwapo Supercenter hata moja katika jimbo lote. Ya kwanza ilifunguliwa La Quinta, huko jangwani, Machi 2004, mgomo ukiwa umeshakwisha. Hofu yake peke yake ilitosha kuingia kwenye mikataba ya watu.

Shangazi kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani. Miezi ile ya mgomo aliiacha supamaketi iliyo hatua chache kutoka kwake, akawa anapanda basi kwenda duka jingine, ili asipite katikati ya wagomaji. Alikuwa anawajua kwa majina. Keshia mmoja alikuwa akimwekea ndizi mbichi kila zikifika.

Baada ya vuta nikuvute ile na halmashauri, Walmart haikurudi tena kwa madiwani. Ilikwenda moja kwa moja kwa wapiga kura. California, mtu akikusanya sahihi za kutosha anaweza kupeleka sheria kwenye kura bila kupitia halmashauri. Haki hiyo iliingia katika katiba ya jimbo mwaka 1911, ikipiganiwa na watu waliochoshwa na wanasiasa waliokuwa mfukoni mwa kampuni ya reli. Sasa kampuni ya maduka ikaichukua silaha ile ya wananchi ikaishika yenyewe. Kamati iliyojiita ya kuikaribisha Walmart Inglewood ikakusanya sahihi, na hoja ikapewa namba 04-A.

Hoja hiyo ilikuwa na kurasa 71. Fikiria mtu anatoka kazini jioni, anaingia kwenye kituo cha kura, anaulizwa ndiyo au hapana, na nyuma ya swali hilo kuna kurasa 71 za ramani, vipimo na masharti ya ujenzi. Ndani yake mlikuwa na mambo mawili yaliyobeba uzito wote. La kwanza, mradi ungejengwa bila tathmini ya athari kwa mazingira, bila uchunguzi wa foleni za magari, bila kikao cha hadhara. Maofisa wa mji wangebaki na kazi ya kulinganisha michoro na kile kilichopigiwa kura, na ikilingana kibali kinatoka. La pili, wakazi wakija kujuta baadaye, wasingeweza kubadilisha masharti yale mpaka theluthi mbili ya wapiga kura wakubali. Kuingia kulihitaji nusu ya kura na moja ya ziada. Kutoka kulihitaji theluthi mbili.

Nisiwaonee waliounga mkono. Meya Roosevelt Dorn alikuwa upande wa duka, na hoja zake zilikuwa na miguu. Mwaka 1999 timu ya mpira wa kikapu ya Lakers iliuacha ukumbi wa Forum wa Inglewood na kuhamia katikati ya Los Angeles, na biashara zilizokuwa zikiishi kwa mashabiki zikanywea. Mji ulihitaji ajira, ulihitaji kodi. Kwa mama mwenye watoto watatu na mshahara mdogo, tofauti ya dola chache kwenye nepi na sabuni si mchezo. Walmart ilitumia zaidi ya dola milioni 1 kwenye kampeni hiyo, katika mji wa watu 112,000 hivi, karibu nusu Weusi na karibu nusu Walatino. Upande wa pili kulikuwa na Muungano wa Inglewood Bora, vyama vya wafanyakazi, wachungaji wa makanisa, mbunge Maxine Waters, na Jesse Jackson aliyefika kuwatia moyo. Fedha walikuwa nazo kidogo, miguu walikuwa nayo mingi. Waligonga milango.

Nilimwuliza shangazi siku moja jikoni kwake, anamenya ndizi.

"Shangazi, sijaona mtu anayependa bei nafuu kama wewe. Mbona ulipiga kura ya hapana?"

"Mwanangu, duka nilikuwa nalitaka. Ningekwenda siku ya kwanza kununua masufuria. Lakini aliletwa kijana mmoja kanisani kwetu na vipeperushi, nikamwuliza: siku ya mbio za farasi hapo Hollywood Park, magari yote hayo yatapita wapi? Akasema, mama, jambo hilo limeshaandikwa mle ndani. Nikamwambia nionyeshe. Akapekua, akapekua. Hakujua ukurasa."

Aprili 6, 2004, takriban asilimia 60 ya waliopiga kura walisema hapana. Nchi nzima ilishangaa. Kampuni ilikuwa imezoea kuwashinda madiwani na kamati za mipango, ikaamini kwamba mpiga kura mmoja mmoja, hasa maskini, atakuwa upande wake. Na imani hiyo haikuwa ya kijinga. Mwezi mmoja tu kabla, Machi 2, wapiga kura wa kaunti ya Contra Costa, kaskazini mwa jimbo, walikuwa wameifuta sheria ya kaunti yao iliyozuia maduka ya namna hii. Kwa hiyo anayesema "wananchi wakiulizwa watakataa" anajidanganya. Wananchi wakiulizwa, watajibu walichoulizwa, kwa kadiri walivyopewa nafasi ya kujua. Watu wa Inglewood, kwa mujibu wa wengi niliozungumza nao, walikasirishwa zaidi na zile kurasa 71 kuliko na duka lenyewe.

Mwaka huohuo wa 2004 vita vingine vilikuwa mahakamani, na hivi ndivyo ninavyopenda vijulikane zaidi. Bakersfield ni mji wa bonde la kati, kaskazini mwa Los Angeles, wenye hewa chafu kiasi cha kutajwa kila mara miongoni mwa miji yenye hewa mbaya kuliko yote Marekani. Halmashauri yake ilikuwa imeidhinisha vituo viwili vya maduka, kila kimoja kikiwa na Supercenter, umbali wa maili 3.6 kutoka kimoja hadi kingine. Ukivijumlisha vinazidi futi za mraba milioni 1. Kila kimoja kilikuwa na ripoti yake ya mazingira, na kila ripoti iliandikwa kana kwamba kile kingine hakipo duniani. Kikundi cha wakazi kikashitaki chini ya Sheria ya Ubora wa Mazingira ya California, ya mwaka 1970.

Desemba 2004 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki. Ilisema ripoti zote mbili zina kasoro, kwa sababu athari za miradi miwili zinapaswa kupimwa kwa pamoja. Ilisema pia kwamba haitoshi kuandika kuwa hewa itachafuka. Lazima wasomaji waelezwe uchafu huo utafanya nini kwenye mapafu ya watu. Lakini sehemu iliyobadilisha mambo katika jimbo zima ni ile ya kuchakaa kwa mji. Wenye miradi siku zote walijibu kwamba duka dogo likifa kwa ushindani, hilo ni suala la uchumi, na sheria ya mazingira haishughuliki na uchumi. Mahakama ilikubali kwamba ushindani peke yake hauihusu sheria hiyo. Ila duka likifungwa, na la pili, na la tatu, halafu majengo yakabaki matupu na mbao kwenye madirisha, takataka zikajaa, michoro ya ukutani ikaenea, hapo umeshatoka kwenye uchumi umeingia kwenye mazingira ambayo watu wanaishi ndani yake, na mji una wajibu wa kulichunguza hilo kabla ya kutia sahihi. Ujenzi ulikuwa umeshaanza. Mahakama ikasema hilo haliiondolei kesi uhai wake.

Turlock, mji mwingine wa bonde hilo, ulipiga marufuku maduka makubwa ya bei ya chini yanayouza na vyakula. Ulishitakiwa na Walmart, na mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ikasema mji una mamlaka ya kupanga biashara gani iwe wapi na kwa ukubwa gani.

Watu wengi wanadhani kushinda au kushindwa kwa kesi za namna hii hutokea mbele ya jaji. Kwa kweli huamuliwa mapema zaidi, katika ukumbi wa halmashauri, usiku, watu wakiwa na usingizi. Chini ya sheria ile ya California, mkazi anaweza kushitaki juu ya hoja ambazo zilitolewa mbele ya halmashauri kabla haijaamua. Hoja ambayo hakuna aliyeitaja kwenye kikao au kwenye barua, jaji hataisikiliza. Na mji ukishatoa tangazo la uamuzi, muda wa kufungua kesi ni siku 30. Kwa hiyo zile dakika chache za kusema kwenye kipaza sauti ndipo kesi inapojengwa.

Nilihudhuria kikao cha namna hiyo katika mji mwingine mdogo, kampuni nyingine kabisa ikitaka kujenga duka la mfumo wa ghala karibu na shule ya msingi. Mbele ya kipaza sauti kulikuwa na kitaa: kijani, manjano, nyekundu. Dakika mbili kwa kila mtu. Waliotangulia walizungumza kwa uchungu, wakapigiwa makofi, na madiwani wakabaki wakitazama karatasi zao. Kisha akaja mama mmoja ameshika ile ripoti, kaibandika vikaratasi vya manjano pembeni. Akataja ukurasa. Akasema: hapa mmehesabu magari saa nne asubuhi, shule inatoa watoto saa nane na nusu mchana, saa hiyo mlihesabu lini? Mtaalamu wa kampuni akainuka, akakaa. Diwani mmoja akamwomba mama arudie namba ya ukurasa, na katibu wa kikao akaiandika. Uamuzi uliahirishwa usiku ule mpaka magari yahesabiwe upya. Mama yule hakupaza sauti hata mara moja. Nilimfuata nje kumpa mkono.

Tukirudi Inglewood, ushindi ulizaa sheria. Agosti 2004 jiji la Los Angeles lilipitisha sharti kwamba anayetaka kujenga duka kubwa la aina hii alete kwanza uchambuzi wa athari zake kwa uchumi wa mtaa: ajira zitakazopatikana na zitakazopotea, maduka yatakayofungwa. Inglewood nayo ikaweka sharti kama hilo mwaka 2006. Hapo ndipo watu wengi hufungia simulizi, na makofi yanapigwa.

Sasa nusu ya pili. Huko Sonora, mji mdogo chini ya milima ya Sierra Nevada, Walmart ilitaka kulipanua duka lake liwe Supercenter. Tathmini ya mazingira ikawa inaendelea. Kabla ya uamuzi, zikakusanywa sahihi za hoja ya kuuridhia mradi, na mwaka 2010 halmashauri ikaipitisha hoja hiyo yenyewe, bila tathmini kukamilishwa na bila kuipeleka kwa wapiga kura. Wapinzani wakashitaki hadi juu. Agosti 2014 Mahakama ya Juu ya California ikasema sheria inaruhusu: hoja iliyotokana na sahihi za wananchi, ikipitishwa moja kwa moja na halmashauri, haihitaji tathmini ya mazingira.

Mapema mwaka huohuo wa 2014, bilionea Stan Kroenke, mwenye timu ya mpira wa Kimarekani ya Rams, alinunua zile ekari 60 za Inglewood. Alizinunua kutoka Walmart. Mke wake, Ann Walton Kroenke, ni wa ukoo uleule ulioanzisha kampuni. Ekari hizo zikaunganishwa na eneo la uwanja wa farasi wa Hollywood Park, uliokuwa umefungwa Desemba 2013, zikawa ekari 298. Zikakusanywa sahihi, zaidi ya 20,000. Na usiku wa Februari 24, 2015, halmashauri ya Inglewood ikapitisha hoja ya uwanja kwa kura 5 kwa 0. Bila tathmini ya mazingira chini ya sheria ya 1970. Bila kura ya wananchi. Masharti ya mwaka 2006 yalihusu maduka makubwa tu. Uwanja wa mpira haukuwa duka.

Ukumbi ulijaa furaha usiku ule, na sina haki ya kuwabeza waliofurahi. Mji ulipata kazi za ujenzi, ukapata kodi, ukapata jina. Huenda kura ingepigwa, ndiyo ingeshinda kwa mbali. Lakini mwaka 2004 watu walisimama kulinda haki ya kuuliza kabla jambo halijafungwa, na miaka 11 baadaye haki hiyo iliondolewa juu ya ardhi ileile, kwa njia ileile ya sahihi, safari hii pasipo hata ile kura iliyowapa ushindi mara ya kwanza. Hili linaniuma kuliko ningeumia kama Walmart ingeshinda 2004, kwa sababu walau siku ile watu wangekuwa wameulizwa.

Maswali ambayo hayakuulizwa yalikuja yenyewe baadaye. Kodi za nyumba zilianza kupanda, wapangaji wa miaka mingi wakapewa barua, na mwaka 2019 halmashauri ikalazimika kuweka ukomo wa kupandisha kodi. Shangazi alipata barua yake kabla ya ukomo huo. Anaendelea kukaa Inglewood, katika chumba kimoja badala ya viwili.

Mnaonisoma kutoka Kenya, sheria zenu zinafanana na hizi kuliko mnavyodhani. Katiba ya 2010 inataja ushiriki wa wananchi katika kifungu cha 10 na tena katika kifungu cha 69 kuhusu mazingira, na kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Lakini njia ina milango yake, na muda wake ni mfupi. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, asiyeridhika na uamuzi wa kaunti juu ya kibali cha ujenzi ana siku 14 tu za kukata rufaa kwenye kamati ya uhusiano ya kaunti (liaison committee). Leseni ya mazingira ikitolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, una siku 60 kufika kwenye Baraza la Taifa la Mazingira (National Environment Tribunal), ambalo Wakenya wengi hulijua kwa jina la tribunali. Ukiruka milango hiyo ukaenda moja kwa moja mahakamani, unaweza kushinda kisha ukapokonywa: mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ilifuta ushindi wa wakazi wa Kisumu dhidi ya viwanda vya Kibos kwa sababu hiyohiyo.

Ukipita mlango sahihi, mambo huwa mengine. Wakazi wa Lamu walipinga leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, na Juni 26, 2019 tribunali ikaifuta. Mikutano ilikuwa imefanyika, tena si mmoja. Lakini ilikuwa mikutano ya utambulisho, kabla ripoti haijakamilika. Watu hawakukalishwa chini na matokeo ya uchunguzi mbele yao wakaulizwa wanasemaje.

Kwa hiyo ukiona kibao cha kubadilisha matumizi ya kiwanja, kipige picha siku hiyohiyo, tarehe ionekane. Nenda ofisi ya mipango ya kaunti ukaombe ripoti nzima, si muhtasari. Isomeni mkiwa wengi, mkigawana kurasa, maana mtu mmoja atachoka. Andikeni barua ya pingamizi, kila hoja na ukurasa wake: maji, magari, mitaro, shule, soko la mama mboga lililo hapo jirani. Ipelekeni kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hamjatoka ofisini.